Lulu Iliyookotwa: Louise Brooks na Sinema Aliyoiacha Mapema

Filamu ya Kifaransa ya mwaka 1930 iitwayo Prix de beauté inamalizikia ndani ya chumba kidogo cha kuonyeshea picha. Lucienne, msichana aliyekuwa akipiga taipu ofisini kabla ya kushinda shindano la urembo, ameketi gizani pamoja na wakubwa wa studio, anatazama majaribio yake ya kwanza ya filamu. Mumewe, ambaye wivu umemla mpaka mfupani, amenyemelea hadi mlangoni na bastola mkononi. Anafyatua. Lucienne anaanguka, mwanga wa projekta unachezacheza juu ya uso wake uliokwisha tulia, na ukutani mbele yake yeye huyohuyo anaendelea kuimba na kutabasamu.

Mwigizaji huyo alikuwa Louise Brooks, Mmarekani, na filamu hiyo ilipotoka alikuwa na miaka 23. Ikawa nafasi yake kubwa ya mwisho. Aliishi miaka mingine 55, akazeeka, mapafu yakamchoka kwa sigara, vidole vikapindwa na baridi yabisi, na moyo wake ukasimama tarehe 8 Agosti 1985 mjini Rochester, jimbo la New York. Kati ya filamu 24 alizoonekana, zile zenye uzito ziliangukia ndani ya miaka mitano tu, kuanzia 1925 hadi 1930. Wakati huo hakuwa hata miongoni mwa nyota wakubwa wa studio yake. Waliokuwa wakilipwa zaidi yake na kuandikwa magazetini kila siku leo wanajulikana na watafiti peke yao, naye uso wake bado uko kwenye mabango ya majumba ya sinema ya Paris, Berlin na San Francisco. Imekuwaje?

Jibu lililozoeleka katika habari za nyota wa namna hii ni mauti. Rudolph Valentino alikufa mwaka 1926 akiwa na miaka 31. Jean Harlow alikufa 1937 akiwa na 26. James Dean aligongana na gari jingine Septemba 1955 akiwa na 24, na kati ya filamu tatu alizoshika nafasi kuu, mbili zilikuwa hazijatoka. Afaye kijana habadiliki. Hatumwoni akiota mvi, wala hatumwoni akikubali filamu mbovu ili apate kodi ya nyumba. Lakini Brooks alizikubali filamu mbovu, aliota mvi, na kodi ya nyumba ilimsumbua miaka mingi. Kwa hiyo mauti hayatufai hapa. Naamini urithi wake ulijengwa na mikono ya watu, mikono tunayoweza kuitaja mmoja mmoja, na wa mwisho katika hiyo ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1906 katika mji mdogo wa Cherryvale, Kansas. Baba alikuwa wakili, na mama alikuwa mpiga piano aliyejali vitabu na muziki kuliko malezi. Zile nywele maarufu, nyeusi, zilizokatwa mstari mmoja masikioni na kuteremka mbele hadi karibu na nyusi, alianza kukatwa hivyo angali mtoto. Hazikubuniwa na studio yoyote. Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda New York kujiunga na kundi la dansi la Denishawn, lile la Ruth St. Denis na Ted Shawn, na humo akacheza pamoja na Martha Graham, ambaye baadaye aligeuza dansi ya Marekani. Miaka miwili baadaye St. Denis alimfukuza kwa tabia yake. Akavuka bahari, akacheza Charleston katika ukumbi wa Café de Paris jijini London, akarudi, akaingia kwenye maonyesho ya Ziegfeld, na mwaka 1925 studio ya Paramount ikampa mkataba wa miaka mitano.

Dansi ndiyo ufunguo wake. Brooks mwenyewe alieleza kwamba kuigiza alijifunza kwa kumtazama Martha Graham akicheza dansi, na dansi alijifunza kwa kumtazama Charlie Chaplin akiigiza. Ukimtazama katika Beggars of Life ya mwaka 1928, iliyoongozwa na William Wellman, unaona maana yake. Anaigiza msichana aliyemuua mlezi aliyetaka kumnajisi, akakimbia akiwa amevaa mavazi ya kiume na kudandia treni za mizigo. Filamu bubu za wakati ule zilijaa macho ya kutumbuliwa na vifua vya kupigwapiga ili mtu wa kiti cha nyuma aelewe huzuni. Brooks haongezi kitu. Anatembea kama mtu aliyechoka kwa kweli, anakaa, anafikiri, nawe mtazamaji unaona anafikiri. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora kabisa ya Marekani, na inasikitisha kwamba hutajwa kama utangulizi tu wa yaliyofuata Ujerumani.

Yaliyofuata yalianza na mwongozaji G. W. Pabst. Alikuwa akitafuta mwigizaji wa filamu yake Die Büchse der Pandora, iliyotokana na tamthilia mbili za Frank Wedekind kuhusu mwanamke aitwaye Lulu. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo halihitaji tafsiri: lulu ni lulu, ile itolewayo ndani ya chaza. Wedekind aliandika habari za mwanamke ambaye kila mwanamume anayemgusa anataka kumiliki johari hiyo, na kila anayejaribu huangamia, mpaka siku Lulu mwenyewe anapoangamia jijini London mikononi mwa Jack the Ripper. Pabst alimwona Brooks katika A Girl in Every Port ya Howard Hawks, akamtaka yeye na si mwingine. Marlene Dietrich, ambaye jina lake lilikuwa halijavuma bado, alikaribia kuipata nafasi hiyo.

Wajerumani hawakufurahi. Lulu yao apewe Mmarekani, tena asiyejua neno la Kijerumani! Ilipoonyeshwa Berlin Februari 1929, wapo waliolalamika kwamba msichana huyu haigizi kabisa. Nadhani lalamiko hilo ndilo sifa kubwa kuliko zote alizopata, ingawa waliolitoa hawakukusudia. Lulu wa jukwaani alizoeleka kama nyoka, mwanamke anayejua anachokifanya. Lulu wa Brooks hana hila. Anacheka kwa sababu amefurahi, anamkumbatia mzee ombaomba aliyemlea kwa furaha ileile anayomkumbatia tajiri anayemlipia nyumba, na maafa yanapotokea anashangaa kama mtoto aliyevunja chombo. Hapo hukumu inamgeukia mtazamaji. Hatuwezi tena kusema mwanamke huyu aliwaponza wanaume, maana tunaona wazi kwamba waliponzwa na tamaa zao wenyewe.

Pabst aliyapata hayo kwa njia ambazo leo zingezua maneno. Aliacha chuki ya kweli ya mwigizaji mkubwa Fritz Kortner kwa Brooks iingie ndani ya filamu, na Brooks anasimulia kwamba baada ya tukio moja mikono yake ilibaki na alama za vidole vya Kortner. Kwa matukio ya London, Pabst alichukua suti ambayo Brooks aliipenda kutoka kabati la Brooks mwenyewe, akaichana na kuichafua, kisha akamwambia aivae. Alimjua binti huyu vizuri kupita kiasi. Mwaka huohuo walipokuwa wakimaliza filamu yao ya pili, Tagebuch einer Verlorenen, alimwonya kwamba maisha yake yanafanana na ya Lulu, na mwisho wake utafanana vilevile.

Hapa ndipo hadithi nyingi kumhusu huharakisha kwenda kwenye anguko, na zinaliharibu kwa kulirahisisha. Husemwa kwamba Brooks aliuawa na sauti: filamu zilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, yeye hakuweza. Si kweli, na ushahidi upo. Sauti yake inasikika katika filamu za miaka ya 1930. Ni sauti ya kawaida, safi, haina kasoro inayoweza kumfukuza mtu kazi. Kilichotokea ni jambo la mkataba. Mwaka 1928 mkuu wa uzalishaji wa Paramount, B. P. Schulberg, alitumia hofu ya sauti iliyokuwa imeenea Hollywood kama kisingizio cha kutompa nyongeza ya mshahara iliyotarajiwa: abaki na dola 750 kwa wiki, au aondoke. Waigizaji wengi walikubali masharti ya namna hiyo. Brooks aliaga, akapanda meli kwenda kwa Pabst.

Studio haikusahau. Alikuwa amekwisha piga The Canary Murder Case kama filamu bubu, na Paramount ilipotaka kuitia sauti ilimwita kutoka New York arudi kurekodi. Akakataa. Nafasi ya sauti yake ikachukuliwa na Margaret Livingston, na uvumi ukaachwa uenee kwamba Brooks hafai kwa filamu za kusema. Uvumi kama huo haukuhitaji kuthibitishwa, ulihitaji kurudiwa tu.

Hata hivyo sikubali kumfanya mtu wa kuonewa tu, na yeye mwenyewe asingekubali. Aliporudi Marekani mwaka 1930, milango ilikuwa haijafungwa yote. Wellman alimpa nafasi katika The Public Enemy. Aliikataa, ikaenda kwa Jean Harlow, na filamu hiyo ya 1931 ni miongoni mwa filamu za majambazi zinazokumbukwa zaidi. Badala yake tunamwona katika kichekesho kifupi, Windy Riley Goes Hollywood, kilichoongozwa na Roscoe Arbuckle, ambaye naye alikuwa ameporomoka kutoka juu kabisa na kulazimika kufanya kazi kwa jina la bandia. Filamu ya mwisho, Overland Stage Raiders ya 1938, ni ya farasi na bastola pamoja na kijana John Wayne. Zile nywele za mbele hazipo tena, na asiyeambiwa hawezi kumtambua. Brooks aliichukia Hollywood kwa jinsi ilivyomfanya mtu kuwa mali, na hakujitahidi kuficha chuki hiyo kwa wale waliokuwa na uwezo wa kumpa kazi. Pia alipenda pombe, vitabu na kulala mpaka mchana. Yote hayo yalichangia.

Miaka ya katikati ilikuwa ya taabu. Shule ya dansi aliyoifungua Wichita haikusimama. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1940 aliuza nguo katika duka la Saks Fifth Avenue jijini New York kwa dola 40 kwa wiki, nao wateja waliomkumbuka walimwonea aibu kuliko alivyojionea yeye. Baada ya hapo akategemea wanaume waliomsaidia, akajifungia chumbani. Onyo la Pabst lilikuwa linaelekea kutimia.

Sasa tuzungumze kuhusu mikanda yenyewe, maana bila hiyo kila neno juu ya urithi ni hewa. Filamu bubu zilipigwa kwenye selulosi naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuoza kikiwekwa vibaya. Ndani yake mlikuwa na madini ya fedha yaliyoweza kuyeyushwa na kuuzwa. Sauti ilipoingia, filamu hizo zilionekana hazina faida tena, na studio ziliziteketeza, zikaziyeyusha au zikaziacha ziharibike ghalani. Mwaka 1937 ghala moja la kampuni ya Fox huko New Jersey lilishika moto likapotea na filamu zake. Utafiti wa David Pierce uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya takriban filamu ndefu 11,000 za bubu zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la asili. Asilimia takriban 70 zimetoweka kabisa.

Brooks yumo ndani ya hesabu hiyo. A Social Celebrity, Evening Clothes, Rolled Stockings, The City Gone Wild: zote zimepotea, tumebaki na picha za mnato. Filamu alizofanya Ulaya, zile ambazo Hollywood haikuzijali, ndizo zilizosalimika vizuri zaidi, na ukifikiri unaona sababu. Die Büchse der Pandora iliuzwa nchi nyingi. Wakaguzi waliikatakata kila walipoipokea, kuna mahali mpaka mwisho wake ukabadilishwa, lakini kila nchi ilibaki na nakala yake na kasoro zake. Hivyo nakala ya Paris ilikuwa na kipande ambacho ya kwingine haina, na ya kwingine ilikuwa na kile ambacho Paris haina. Filamu tunayoitazama leo imeunganishwa kutoka makopo yaliyolala katika miji tofauti. Kutawanyika kukawa kinga.

Mkono wa kwanza niliouahidi ni wa Henri Langlois, mwanzilishi wa hifadhi ya filamu ya Paris, Cinémathèque française, mtu aliyekusanya mikanda kwa pupa hata wakati Wajerumani walipoikalia nchi yake. Mwaka 1955 aliandaa maonyesho ya miaka 60 ya sinema, na mlangoni akatundika picha mbili kubwa mno: Falconetti wa filamu ya Dreyer kuhusu Jeanne d'Arc, na Louise Brooks. Watu walishangaa. Kwa nini huyu asiyejulikana, pana Garbo, pana Dietrich? Langlois alishikilia kwamba Brooks anawapita wote wawili. Nikimfikiria mtu aliyethubutu kusema hivyo mbele ya Ulaya nzima juu ya mwanamke aliyekuwa wakati huohuo amejifungia chumbani New York, nahisi moyo ukinienda mbio.

Mkono wa pili ni wa James Card, mhifadhi wa filamu katika jumba la George Eastman huko Rochester. Alimtafuta, akampata, na mwaka 1956 akamshawishi ahamie Rochester. Huko Brooks aliketi akatazama filamu ambazo nyingi hakuwahi kuziona, zikiwemo zake mwenyewe. Ndipo akaanza kuandika.

Hilo ndilo ninaloona limepuuzwa zaidi katika habari zake. Nyota wengi huacha kumbukumbu zilizoandikwa na mtu mwingine, zimejaa majina na karamu. Brooks aliandika insha mwenyewe, polepole, kwa majarida ya filamu kama Sight & Sound, akayapima yale aliyoyaona kwa jicho kali la mtu asiyetegemea tena kibarua cha yeyote. Insha yake juu ya Lillian Gish na Greta Garbo inaeleza jinsi studio zilivyotumia mishahara na matangazo kuwavunja nguvu waigizaji waliokuwa wamepata sauti kubwa mno. Ni uchambuzi wa biashara, tena wa mtu aliyewahi kuonja kisu hicho. Aliandika pia juu ya W. C. Fields na Humphrey Bogart, watu aliowajua ana kwa ana, bila kuwapamba. Mwaka 1982 insha hizo zilikusanywa katika kitabu Lulu in Hollywood, miaka mitatu baada ya Kenneth Tynan kuandika habari zake ndefu katika The New Yorker na kumtambulisha kwa kizazi kipya. Tawasifu kamili hakuiacha. Rasimu aliyowahi kuiandika aliitupa motoni, na baadaye akaeleza hadharani kwa nini hataandika nyingine: maisha ya mtu hayaelezeki bila kuusema ukweli wa mapenzi yake, naye hakuwa tayari kuusema.

Na zile nywele? Zilisafiri peke yake. Mwaka 1929 ulianza mfululizo wa katuni za magazetini, Dixie Dugan, ambao mhusika wake alichorwa kwa kumwiga Brooks angali hai na kijana. Guido Crepax wa Italia alimchora tena mwaka 1965 kama Valentina. Godard alimvika Anna Karina nywele hizo katika Vivre sa vie ya 1962, na Liza Minnelli alimsoma Brooks alipokuwa akijiandaa kwa Cabaret ya 1972. Sizidharau alama hizi, ila zina hasara yake. Wapo wanaoujua mtindo wa nywele wasijue kwamba mwenye nywele aliwahi kuigiza. Aliyemwelewa vizuri kuliko hao wote kwa maoni yangu ni mwandishi wa Argentina, Adolfo Bioy Casares, aliyesema kwamba mapenzi yake kwa Brooks, na uchungu wa kumwona akitoweka mapema kwenye sinema, ndiyo yaliyozaa riwaya yake ya 1940, La invención de Morel. Ni habari ya mtu aliyekimbilia kisiwani akampenda mwanamke ambaye hamjibu wala hamwoni, mpaka anapogundua kwamba anayempenda ni picha inayorudiwarudiwa na mashine. Alichokiona Bioy ni kilekile cha chumba cha mwisho cha Prix de beauté: mwili umeondoka, picha haijui.

Kazi ya kuokota haijaisha. Mwaka 2016 mtaalamu wa kuhifadhi filamu Robert Byrne alikuta katika hifadhi ya taifa ya filamu mjini Prague vipande vya Now We're in the Air, kichekesho cha 1927 ambacho Brooks anaigiza mapacha, mmoja amelelewa Kifaransa na mwingine Kijerumani. Vilikuwa vimevurugika mpangilio, na vibao vya maandishi vilikuwa vya Kicheki. Vikasafishwa, vikapangwa, vikaonyeshwa San Francisco mwaka 2017. Katika filamu nzima zimepatikana dakika 23 hivi. Watu walipanga foleni kuzitazama.